Bibi Nusaiba binti Kaab na Watu wa Nyumba Yake

Sifa njema zote zinamthubutukia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu, mliomo msikitini na mliomo majumbani mkisikiliza, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hilo ndilo pato lisilopotea.

Atokaye Temeke au Kinondoni kwenda mjini Dar es Salaam huiona Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliochukua mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Na asiyeiona sanamu hiyo hakosi kufika Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika vita hivyo hivyo. Lakini katika shaba ile hamna mwanamke, nao wanawake walikuwapo. Safu za askari waliowatumikia Wajerumani, tangu mwaka 1914 mpaka waliposalimu amri mwezi wa Novemba 1918, ziliandamana na wake zao. Wanawake hao walipika, wakachukua vyombo na watoto, na wengine wakajifungua njiani na kuendelea na safari. Na kabla ya hapo, katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, miongoni mwa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani huko Songea, mwezi wa Februari 1906, alikuwamo mwanamke mmoja, jina lake Nkomanile. Ni wangapi miongoni mwa watoto wetu wanaolijua jina hilo?

Basi mwanamke wa vitani ana desturi ya kusahauliwa. Ndiyo maana inatupasa kuwashukuru wanavyuoni wetu wa zamani, ambao hawakuandika habari za wanaume peke yao. Ibn Saad, alipokusanya kitabu chake kikubwa cha tabaka za Masahaba na waliowafuata, aliwatengea wanawake juzuu nzima ya mwisho. Kutokana na kazi yake na ya wenzake tunazijua habari za mama mmoja wa Madina, za waume zake na watoto wake. Huyo ndiye Bibi Nusaiba binti Kaab, maarufu kwa jina la Ummu Umara, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Habari zake ndizo mazungumzo yetu ya leo.

Bibi huyu alikuwa katika Ansari, wa kabila la Khazraj, katika mbari ya Bani Najjar. Nduguye Abdallah bin Kaab alihudhuria vita vya Badr. Nduguye mwingine, Abdurrahman, ni katika wale masikini waliolia walipokosa wanyama wa kupanda ili watoke pamoja na Mtume (S.A.W.) kwenda Tabuk, na Kurani ikayataja machozi yao katika Sura ya Tauba. Bibi Nusaiba aliolewa kwanza na Zaid bin Asim, akamzalia wana wawili, Abdallah na Habib. Kisha akaolewa na Ghazia bin Amr, akamzalia Tamim na Khaula. Yashikeni majina haya, kwani kila mmoja tutakayemrejea ana funzo lake.

Miezi michache kabla Mtume (S.A.W.) hajahamia Madina kutulia, yaani katika msimu wa Hija wa mwaka 622, watu wa Madina walikutana naye usiku, kwa siri, mahali panapoitwa Akaba, karibu na Makka. Wakaahidi kumlinda kama wanavyozilinda nafsi zao na watoto wao. Walikuwa wanaume 73 na wanawake wawili. Mmoja wa wanawake hao alikuwa Bibi Nusaiba. Mtume (S.A.W.) alipokea ahadi ya wanawake kwa maneno, bila ya kupeana nao mikono. Tazameni, ndugu zangu: mkutano ule ulikuwa wa hatari, kwani lau Makureshi wangeujua mapema wangemwaga damu. Na ndani yake mwanamke aliahidi mwenyewe, kwa ulimi wake. Hakuahidiwa na baba wala na mume.

Ikapita miaka. Katika mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 wa Hijra, sawa na mwaka 625, Makureshi walikuja Madina na watu wapatao 3,000 kulipiza kisasi cha Badr. Waislamu walitoka kuwakabili kwenye jabali la Uhud. Njiani Abdallah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, alirudi na watu 300, wakabaki Waislamu 700. Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, akawaamrisha wasiondoke pale, vita vikiwa kwa faida yao au kwa hasara yao.

Siku hiyo Bibi Nusaiba alitoka asubuhi pamoja na mumewe Ghazia na wanawe wawili, Abdallah na Habib. Alichukua nini? Alichukua kiriba cha maji. Hakutoka kutafuta sifa ya upanga. Alitoka kuwanywesha wenye kiu na kuwafunga wenye majeraha. Wala hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha na Ummu Sulaim walionekana siku ile wakibeba viriba migongoni, wakiwanywesha watu, wakirudi kuvijaza na kuja tena.

Mwanzo wa vita Waislamu walishinda. Wapiga mishale walipoona adui anakimbia na ngawira zimetapakaa, wengi wao waliteremka kutoka kilimani, wakaiacha amri ya Mtume (S.A.W.). Wapanda farasi wa Makureshi wakazunguka kwa nyuma, ushindi ukageuka msiba. Watu walitawanyika, na uvumi ukaenea kwamba Mtume ameuawa. Hawakubaki karibu naye ila watu wachache sana.

Hapo ndipo Bibi Nusaiba alipokiweka chini kiriba chake. Akashika upanga na upinde, akasimama mbele ya Mtume (S.A.W.). Hakuwa na ngao. Mtume akamwona mtu anayerudi nyuma naye ana ngao, akamwambia amwachie anayepigana. Mtu yule akaitupa, Bibi Nusaiba akaiokota akaitumia. Akaja Ibn Kamia, akitaka kumfikia Mtume, naye akamzuia, akapigwa pigo la begani lililoacha shimo. Imepokewa kwamba siku hiyo alipata majeraha kumi na mawili au kumi na matatu, na lile la bega liliuguzwa kwa muda wa mwaka mzima. Naye Mtume (S.A.W.) alisimulia baadaye kwamba kila alipogeuka, kuliani au kushotoni, alimwona bibi huyo akipigana kumkinga.

Mwanawe Abdallah naye alijeruhiwa mkono wa kushoto, damu ikawa haikatiki. Mama alikuwa amejifunga kiunoni vitambaa alivyoviandaa kwa ajili ya majeruhi. Akatoa kimoja, akamfunga mwanawe jeraha, kisha akamwambia ainuke arudi vitani. Mtume (S.A.W.) alipoyaona hayo alistaajabu, akamwambia kwamba ni nani awezaye kubeba anayoyabeba yeye.

Kisha Mtume (S.A.W.) akaitaja nyumba ile nzima. Akamsifu mama, akamsifu Ghazia, ambaye kwa Abdallah alikuwa mume wa mama na si baba mzazi, na akamsifu mtoto, akawaombea rehema wote pamoja. Nyumba ngapi za mitaa yetu, za Tandika na Mbagala, za Magomeni na Manzese, zina mtoto anayelelewa na baba wa kambo! Mara nyingi mtoto huyo huhesabiwa kuwa mzigo. Nyumba ya Bibi Nusaiba ilikuwa nyumba ya namna hiyo hiyo, na watu wake walisimama bega kwa bega. Bibi Nusaiba akaomba jambo moja tu: Mtume awaombee wawe pamoja naye Peponi. Alipowaombea, alisema kuwa baada ya hapo hajali litakalomfika duniani.

Enyi Waislamu, huo haukuwa mwisho wa mitihani yake. Alikuwapo Hudaibia mwaka wa 6 wa Hijra, katika ahadi iliyofanywa chini ya mti. Alikuwapo Khaibar, na alikuwapo Hunain. Kisha akatokea Musailima, mtu wa Yamama, akadai utume wa uongo. Mtu huyu alimkamata Habib, mwana wa Bibi Nusaiba. Akamwuliza kama anashuhudia kuwa Muhammad ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, Habib akaitika. Akamwuliza kama anashuhudia kuwa yeye Musailima naye ni mtume. Habib akajibu kwamba hasikii. Kila alipokariri jibu lile alikatwa kiungo, mpaka akafa.

Habari zikamfikia mama yake. Wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Abubakar, baada ya kufariki Mtume (S.A.W.) mwaka 632, jeshi la Khalid bin Walid lilipokwenda Yamama, Bibi Nusaiba alikwenda nalo. Huko alikatwa mkono na kupata majeraha mengine zaidi ya kumi. Mwanawe Abdallah alikuwa mmoja wa waliomwua Musailima, akishirikiana na Wahshi. Aliporudi Madina, Khalifa mwenyewe, Abubakar, alikuwa akimwendea kumjulia hali.

Hizo ndizo habari zake kwa ufupi. Sasa tuulizane: zinatufundisha nini sisi wa leo?

Funzo la kwanza ni kwamba utumishi wa mwanamke katika shida za umma si jambo lililozuliwa jana, wala si fadhila anayokopeshwa na wanaume. Imepokewa katika Tirmidhi kwamba Ummu Umara alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba haoni ila kila kitu ni cha wanaume, na wanawake hawatajwi kwa lolote. Ikateremka aya ya 35 ya Sura ya Al-Ahzab, inayowataja wanaume na wanawake kwa pamoja katika sifa kumi, tangu Uislamu na imani mpaka kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi, na kuwaahidi wote msamaha na ujira mkubwa. Na katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Bibi Rufaida alipigiwa hema ndani ya msikiti wa Mtume akawatibu majeruhi humo, na Saad bin Muadh alilazwa kwake. Naye Ummu Atia alitoka na Mtume (S.A.W.) katika safari saba za vita, akilinda mizigo, akipika na kuuguza wagonjwa.

Basi baba anayemzuia binti yake kusomea uuguzi au udaktari kwa kudai kuwa dini haipendi, na arudi asome upya. Stara ni wajibu, na mipaka ya dini ni wajibu. Bibi Nusaiba aliishika yote mawili, na mipaka hiyo haikumzuia kufunga jeraha la aliyekuwa akitokwa na damu.

Na hapa pana jambo la kuwaonya vijana. Bibi huyu alishika upanga akimkinga Mtume wa Mwenyezi Mungu, chini ya amri iliyo wazi, mbele ya jeshi lililovamia mji wake. Hakumvizia jirani, wala hakuwa na kikundi cha siri. Naye Mtume (S.A.W.) alikataza kuuawa wanawake na watoto vitani. Atakayeitumia habari hii kuhalalisha kumwaga damu ya wananchi wenziwe amemzulia Bibi Nusaiba uongo.

Funzo la pili ni haki za wanaobaki. Vita huisha uwanjani, lakini nyumbani havijaisha. Siku ya Uhud walikufa mashahidi wapatao 70. Mmoja wao alikuwa Saad bin Rabii, akaacha mjane na mabinti wawili. Ndugu yake Saad akaja akaichukua mali yote. Mjane hakunyamaza. Aliwachukua mabinti wake akamwendea Mtume (S.A.W.), akamweleza kwamba baba yao aliuawa akiwa naye, ami yao amechukua kila kitu, na wasichana wasio na kitu hawatapata wa kuwaoa. Ndipo zikateremka aya za mirathi katika Sura ya Nisaa. Mtume akamwita yule ndugu, akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, ampe mama yao thumni, na kitakachobaki kiwe chake.

Enyi ndugu zangu, pigeni hesabu hiyo. Mali ikigawanywa mafungu 24, mabinti wanapata 16, mjane anapata 3, na ami anapata 5. Yule aliyekwisha kuchukua yote 24 alirudisha 19. Hiyo ndiyo sheria iliyoteremka kwa sababu ya mjane wa Uhud aliyethubutu kusema.

Nasi je? Tumepata mashahidi wa nchi yetu. Mwaka 1978 jeshi la Idi Amin lilivamia Kagera, na vijana wetu wakaenda vitani mpaka Kampala ilipoanguka mwezi wa Aprili 1979. Mwezi wa Desemba 2017, askari wetu zaidi ya kumi waliuawa Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, walikokwenda kulinda amani. Kila Julai 25 nchi huwakumbuka mashujaa. Lakini mashujaa hao waliacha wake na watoto, na matanga yakiisha ndipo mtihani wao unapoanza. Mimi binafsi nimeitwa mara nyingi kusuluhisha mirathi katika mitaa hii. Nimemkuta mjane hajamaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, na tayari shemeji ameshika hati ya nyumba, na wengine wamekwisha kuhesabu mabati. Na watu hao swafu ya mbele msikitini hawaikosi! Mwenyezi Mungu amesema kwa ukali, katika sura hiyo hiyo ya Nisaa, kuwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Shemeji anayesikiliza sasa hivi, naye anajijua, na arudishe kabla hajarudishwa yeye.

Na ninyi akina mama, msinyamaze kwa haya. Mjane wa Saad alikwenda mwenyewe na watoto wake mkononi. Nenda kwa kadhi, nenda kwa imamu, nenda mahakamani. Kudai haki uliyopewa na Mwenyezi Mungu si utovu wa adabu.

Funzo la tatu ni kukumbuka. Sayyidna Umar, katika ukhalifa wake, aligawa nguo kwa wanawake wa Madina, ikabaki moja nzuri. Watu wakamshauri ampe mkewe, Ummu Kulthum, mjukuu wa Mtume. Akakataa, akasema kwamba Ummu Salit anastahiki zaidi, kwa kuwa aliwabebea viriba vya maji siku ya Uhud. Miaka mingi ilikuwa imepita, na bibi yule hakuwa mke wa mkubwa. Maji yale tu ndiyo yaliyokumbukwa. Basi mtazameni yule bibi mzee wa mtaani kwenu, aliyesimama foleni ya maji na ndoo kichwani miaka mingi, akalea watoto wa nduguze waliokufa, akauguza majirani. Mna nguo gani mliyomwekea?

Nitamalizia na Abdallah, yule mtoto aliyefungwa jeraha na mama yake. Huyu ni Abdallah bin Zaid bin Asim. Wala asichanganywe na Abdallah bin Zaid mwingine, aliyeota maneno ya adhana. Aliishi mpaka uzeeni, akauawa Madina katika siku ya Harra, mwaka wa 63 wa Hijra. Watu walimwendea wakamwomba awaonyeshe jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akitia udhu. Akaagiza maji. Akaosha mikono, akasukutua na kupandisha maji puani, akaosha uso mara tatu, akaosha mikono mpaka vifundoni mara mbili mbili, akapaka kichwa kwa kuanzia mbele kwenda kisogoni na kurudi, kisha akaosha miguu. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Kwa hiyo, ewe uliyetia udhu leo kabla ya kuja msikitini, elimu hiyo ya kupaka kichwa umefikishiwa na mkono ambao mama yake aliufunga kitambaa huko Uhud. Mama alibeba maji ya kuwanywesha watu, na mwana akabeba maji ya kuwafundisha ibada. Wasomeeni watoto wenu habari hizi leo usiku, waume kwa wake, na majina yake myataje kwa ukamilifu.

Ewe Mwenyezi Mungu, mridhie Bibi Nusaiba na watu wa nyumba yake. Warehemu waliokufa wakiilinda nchi hii, uwalee mayatima wao, uwasitiri wajane wao, na utuepushe na kula haki zao. Iepushe nchi yetu na vita, na utufishe tukiwa Waislamu.

Nasema kauli yangu hii, namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi nanyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.